Kipupwe cha Dar na kamera mbili: Salenda, Bongoyo, Pugu au uani kwenu?

Kuanzia Juni hadi Agosti, Dar es Salaam inakuwa mji wa kutembelea na kamera. Masika yamekwisha, joto limepungua, usiku wa Julai kipimajoto kinashuka hadi nyuzi 18 au 19, na upepo wa kusi unapuliza kutoka baharini. Kwa mke na mume wanaopenda kupiga picha za viumbe na mandhari, miezi mizuri kuliko hii sijui kama ipo. Kinachowakwamisha wengi ni kuchagua pa kwenda Jumamosi asubuhi bila kufunga safari ya Mikumi wala kuomba ruhusa kazini.

Nimeweka hapa mahali pane ambapo mtu wa Dar anafika na kurudi siku hiyo hiyo: matope ya Salenda, kisiwa cha Bongoyo, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, na uani kwenu. Sitasema papi panashinda pote, kwa sababu jibu linategemea ninyi wawili mnapigaje picha.

Mimi na mume wangu tunatoka pamoja, lakini hatupigi kwa namna moja. Yeye hukaa. Anaweza kutulia mbele ya ndege mmoja mpaka jua lipande. Mimi hutembea nimeinama, natafuta vidogo: utando, gamba, nyayo za kaa. Nimeona wenzetu wengi wanachagua mahali kwa uzuri wake, kisha mmoja anapata picha na mwingine anabaki kushika mkoba na kuuliza "tunaondoka saa ngapi?" Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza kinawahusu watu kabla ya mandhari.

Vipimo ninavyotumia

Kwanza, kazi kwa wawili. Je, mkaaji na mtembeaji wote watapata cha kufanya kwa wakati mmoja, bila kutishiana wanyama na bila kupotezana?

Pili, mwanga. Hapa kipupwe kina upekee wake. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua liko upande wetu wa kaskazini. Linachomoza kaskazini-mashariki mnamo saa 12 na nusu asubuhi, linazama kaskazini-magharibi mnamo saa 12 na robo jioni, na hata adhuhuri halifiki utosini, linasimama kwenye nyuzi 60 hivi. Februari na Oktoba jua la mchana linawaka juu ya kichwa na kivuli kinajificha chini ya miguu. Juni na Julai kivuli kinabaki, na shina la mti linakuwa na upande wa mwanga na upande wa giza. Picha inapata umbo. Ila machweo yetu hayana subira: jua likishazama mna dakika kama 20 tu za mwanga wa kutumia.

Tatu, viumbe na mandhari ya msimu huu, maana si kila kinachopatikana Januari kinapatikana Julai. Nne, upepo, chumvi na vumbi, yaani hali ya vyombo vyenu mkirudi nyumbani. Tano, kufika, gharama na ruhusa.

Kuna jambo la sita linalohusu Salenda na Bongoyo tu, nalo ni maji kupwa na kujaa. Nitalieleza hapa mara moja kwa sababu watu wengi wa mjini wamelisahau. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kutoka sana, huja karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kwa bahari ya Dar, siku za bamvua maji huwa yametoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku saa hiyo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 40 hadi 50. Ukirudi nyuma siku tatu au nne kabla ya mwezi kumi na nne, maji yanakupwa karibu saa moja au saa mbili asubuhi, wakati jua bado liko chini. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana nusu ya jibu tayari. Nusu nyingine ipo kwenye jedwali la maji, ambalo siku hizi linapatikana hata kwenye simu.

Salenda: matope na mikoko katikati ya mji

Hapa ndipo Mto Msimbazi unapoingia baharini, kati ya Upanga na Oysterbay, penye daraja la zamani la Selander. Tangu 2022 Daraja la Tanzanite lenye urefu wa kilomita moja na kidogo limepita kwa mbele, juu ya bahari. Watu wanapita hapa kila siku wakiwa kwenye foleni, vioo vimefungwa, na wachache wanageuza shingo kutazama matope. Wanakosa mengi.

Kazi kwa wawili ipo tele, na kwa maoni yangu hapa ndipo mkaaji na mtembeaji wanapoelewana zaidi. Mkaaji anapata yangeyange, yule mweupe mwenye miguu myeusi na vidole vya njano. Mtazameni akivua: anatanguliza mguu mmoja kwenye maji ya kina kifupi, anautikisa haraka haraka kufukua tope, kisha anangoja kitakachoshtuka. Mdomo unashuka ghafla. Ukiwa na lenzi ya milimita 300 au zaidi, lenga jicho lake na usibonyeze mpaka mguu uanze kutikisika, kwa sababu pigo linakuja muda mfupi baada ya hapo. Hatua chache kando, mtembeaji anawakuta kaa wadogo ambao dume lake lina gando moja kubwa kuliko mwili. Kivuli chako kikiwaangukia tu, wote wanaingia mashimoni. Chuchumaa, tulia, na baada ya muda utaona kwanza macho mawili juu ya vijiti vyake yakichungulia, halafu gando, halafu mwili mzima, kisha dume linaanza kupunga gando kuita jike. Kwa picha hii simu inatosha kabisa, mradi uishushe chini usawa wa tope na uwe na subira.

Mwanga wa asubuhi unapenda upande wa Oysterbay. Jua likiwa linatoka kaskazini-mashariki, anayesimama huko akitazama kuelekea Upanga analiacha nyuma ya bega la kushoto, na weupe wa yangeyange unapata mwanga wa upande. Anayetaka vivuli vyeusi vya mikoko kwenye maji ya dhahabu avuke, asimame upande wa Upanga na apige kuelekea jua. Siku bora ni zile nilizotaja, tarehe 10 na 11 za mwezi wa Kiislamu, na vilevile 25 na 26, kabla ya mwezi kuandama. Siku hizo maji hayatoki mbali kama ya bamvua, lakini tope la kutosha linafunuka kabla jua halijakuwa kali.

Kuhusu viumbe, kuna ukweli mmoja unaowaumiza wapenda ndege. Yale makundi makubwa ya ndege wa pwani wanaotoka Ulaya na Asia huondoka kwetu karibu Aprili na kuanza kurudi Agosti na Septemba. Juni na Julai wanabaki wachache, wengi wao vijana ambao hawajafika umri wa kuzaa. Kwa hiyo mkitaka anga lililojaa mabawa, ngojeni Agosti iishe. Wenyeji wapo mwaka mzima: yangeyange, korongo, kwarara mweupe mwenye kichwa cheusi, mdiria kwenye matawi ya mikoko, na kunguru wa India, ambaye babu zake waliletwa Unguja miaka ya 1890 na sasa yuko kila kona ya mji. Msiwadharau kunguru. Asubuhi ya kipupwe manyoya yao ya shingo yanatoa rangi ya moshi ambayo ni nzuri sana kwenye picha. Mizizi ya mchu inayochomoza kwenye tope kutafuta hewa nayo inampa mtembeaji kazi ya saa nzima.

Upepo hausumbui mapema asubuhi, unaanza kukaza kadiri siku inavyosogea. Shida kubwa ni tope lenyewe. Msimbazi unapita katikati ya mji na unabeba uchafu wa mji, hivyo vaeni mabuti ya mpira, msiingie ndani, na oshani mikono kabla ya kushika chakula. Plastiki itaingia kwenye fremu. Mimi huwa siiondoi kila mara, kwa kuwa picha ya yangeyange kando ya chupa ni picha ya kweli ya Dar.

Kufika ni rahisi kuliko pengine popote, daladala zinapita, na hakuna kiingilio. Ila simu na kamera zinaporwa kwa pikipiki mjini hapa, kwa hiyo kamba ya kamera ikae shingoni, mmoja akipiga mwingine atazame nyuma, na msiende kabla watu hawajaanza kupita. Eneo hili lina balozi na majengo ya serikali. Elekezeni lenzi kwenye maji na ndege, mbali na mageti na askari. Ndege isiyo na rubani muisahau kabisa kama hamna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Panawafaa: wenye saa mbili tu kabla ya kazi, wasiotaka kutumia fedha, na mkaaji aliyeoana na mtembeaji.

Bongoyo: mibuyu mitupu na mwamba uliofunuka

Bongoyo ni mojawapo ya visiwa vya hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam, pamoja na Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyotengwa mwaka 1975. Boti za Bongoyo hutoka Msasani, pale Slipway. Za Mbudya hutoka upande wa Kunduchi, na mengi ninayosema hapa yanafaa huko pia.

Tuanze na mwanga, maana ndio udhaifu wa kisiwa. Boti za abiria hazitoki alfajiri, na mnatakiwa kurudi kabla ya giza. Mtafika jua likiwa limeshapanda na mtaondoka kabla halijalainika. Kwa miezi mingine ya mwaka hilo peke yake lingenifanya niseme kaeni nyumbani. Kipupwe kinapunguza makali, kwa kuwa jua haliji utosini na hewa ina ukungu mdogo wa joto, kwa hiyo picha ya saa tano asubuhi bado ina kivuli cha kueleweka.

Faida inakuja kwenye maji. Siku za bamvua, saa ambayo boti inawafikisha ndiyo saa ambayo maji yametoka kabisa. Mwamba unafunuka, vidimbwi vinabaki, na mtembeaji anapata kiti cha pweza, konokono wa baharini, kaa na mwani wa rangi tatu nne mahali pamoja. Mkizunguka kimya pembeni ya kidimbwi kimoja badala ya kurukia kumi, mtaona vitu vinaanza kutembea. Vaeni viatu vya soli ngumu, kwa sababu mwambani wapo viumbe wenye miiba mirefu myeusi na mwiba ukikatikia mguuni safari imeisha. Msikanyage matumbawe hai na msibebe magamba, hapo ni hifadhi.

Mkaaji naye ana mibuyu. Kipupwe ni wakati ambao mibuyu ya pwani hupukutisha majani, na matawi matupu dhidi ya anga la bluu ndiyo picha inayofanana na baridi kuliko zote tunazoweza kupata hapa kwetu. Apige kutoka chini, shina likiwa upande wa jua. Lakini niseme wazi: kwa picha za ndege na wanyama, Bongoyo inampa mkaaji kidogo kuliko Salenda au Pugu. Njia ya ndani ya kisiwa ina vichaka, mijusi na ndege wadogo, na kelele za wageni wa ufukweni zinawasogeza mbali.

Na nyangumi je? Nyangumi wa nundu hupita pwani ya Tanzania kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, wakija kuzaa kwenye maji ya joto. Hupita zaidi bahari kuu, kwa hiyo msiende Bongoyo kwa ajili yao. Mkiwaona mtakuwa mmepata zawadi.

Kwa vyombo, kisiwa ndicho kikali kuliko vyote. Upepo wa kusi unatoka kusini-mashariki, bahari inachafuka mchana, na marasharasha ya chumvi yanaingia kila pembe ya kamera. Ufukwe mkuu upo upande wa kaskazini-magharibi ambako kisiwa kinawakinga, ila kwenye boti hakuna kinga. Fungeni kila kitu kwenye mfuko usiopitisha maji, msibadilishe lenzi mkiwa safarini wala ufukweni, na mkifika nyumbani futeni kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi kabla ya kufuta kwa kikavu. Siku upepo ukikaza sana nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze.

Gharama ni nauli ya boti na kiingilio cha hifadhi, vyote kwa kila mtu, na chakula mkikinunua huko ni bei ya ufukweni. Kwa wawili inageuka kuwa matembezi ya siku nzima, na nadhani mnapaswa kuichukulia hivyo.

Panawafaa: wanaotaka siku ya kupumzika yenye picha ndani yake, wenye simu tu, na wale ambao mmoja wao hapendi kuamka usiku. Panda boti siku za bamvua au usipande.

Pugu na Kazimzumbwi: msitu ulio mlangoni mwa jiji

Kilomita ishirini na kitu kutoka katikati ya mji, ukipita Gongo la Mboto na kuelekea Kisarawe, kuna mabaki ya misitu ya pwani ambayo wataalamu wa viumbe duniani wanaijua kuliko sisi wenye mji. Sasa ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Nikipewa Jumamosi moja tu ya kipupwe, nafsi yangu inavutwa huku, ingawa najua si kila wawili watafurahi.

Viumbe wake ndio hoja yenyewe. Yupo sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba, mbele rangi ya kutu, nyuma mweusi. Kipupwe majani yaliyoanguka yamekauka, kwa hiyo utamsikia kabla ya kumwona: anakimbia, anasimama, anapekua, anakimbia tena. Yupo komba wa Rondo, miongoni mwa komba wadogo kabisa, mwenye uzito wa gramu 60 hivi. Makazi yake yanayojulikana ni vipande vichache vya misitu ya pwani, na Pugu ni kimojawapo. Huyo ni wa usiku, wa kusikika zaidi kuliko kupigwa picha. Yupo ndege ambaye wapenda ndege wanamfuata hasa miezi hii, Geokichla guttata, mgongo wa kahawia na kifua cheupe chenye madoa meusi, anayekuja misitu ya pwani wakati wa kusi na kupekua majani chini ya giza la miti. Ni adimu. Kima na hondohondo mtawapata kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kelele zao zinawatangulia.

Jioni kuna popo. Wachimbaji wa kaolini waliacha mapango kwenye vilima vya Pugu, popo wakayafanya nyumba, na jua likizama wanatoka kwa wingi. Simameni nje pembeni ya mdomo wa pango, si ndani, na msitumie flashi. Mmoja apige kwa spidi kubwa apate popo mmoja mmoja angani, mwingine aweke kamera kwenye stendi na kuacha shata wazi kwa sekunde nzima apate michirizi. Huu ni wakati mmoja ambao wawili wanaweza kusimama bega kwa bega, wakatazama kitu kile kile na kurudi na picha mbili zisizofanana hata kidogo.

Mbali na popo, kazi kwa wawili inahitaji makubaliano. Mtembeaji akikanyaga majani makavu, sange wa mkaaji ameshaondoka. Sisi tunagawana saa: saa ya kwanza wote tunakaa kimya, saa ya pili wote tunatembea taratibu tukitafuta uyoga wa mwisho wa msimu, magome, buibui na miale. Wanaoshindwa kukubaliana hili wataudhiana, na msitu si mahali pazuri pa kununiana.

Mwanga ni mgumu. Chini ya miti kuna giza hata saa tatu asubuhi. Mtalazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 1600 au 3200, na lenzi inayofunguka sana ina thamani kuliko lenzi ndefu. Saa nzuri ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, miale ya jua lililoinama inapopenya matawi kwa mshazari. Simu hapa inachoka mapema.

Upepo haufiki chini ya miti, na hiyo ni raha kubwa wakati mji mzima unapepea. Badala yake kuna upupu. Maganda yake hukauka msimu huu na nywele zake zinaruka, zikikugusa utajikuna mpaka nyumbani. Mikono mirefu, suruali ndefu, soksi juu ya suruali kwa ajili ya kupe, na angalieni pa kukalia kwa sababu ya siafu.

Kufika si tatizo kwa daladala ya Kisarawe, tatizo ni foleni ya Barabara ya Nyerere, hivyo tokeni nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mnalipia kiingilio, na chukueni mwongozaji. Anajua njia za sange na mapango yalipo, na mkingoja popo mtarudi gizani, si vizuri kuwa peke yenu wawili na vyombo.

Panawafaa: wote wawili wakiwa na subira, wenye kamera inayomudu giza, na wanaojali kuona kiumbe adimu hata kama picha itakuwa moja.

Uani: mshubiri, umande na beseni la maji

Wengi wataruka sehemu hii. Naomba msiruke.

Kwa mwanga, uani ndipo mnapoujua kuliko popote, kwa sababu mnaweza kuufuatilia kila siku. Kipupwe ukuta unaotazama kaskazini unapata jua kutwa, na unaotazama kusini unakaa kivulini, Desemba inageuka. Chungu cha mshubiri kiwekeni upande wa kaskazini. Mshubiri huchanua miezi hii ya ukame, na maua yake yanamleta chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, dume lake likimeta kama chuma kipya. Harudi mara moja, anarudi kila siku kwa saa ile ile, kwa hiyo mkaaji anaweza kukaa na kahawa yake dirishani na kujua ataingia tawi lipi.

Mtembeaji ana umande. Usiku wa kipupwe anga likiwa wazi, alfajiri kila utando wa buibui kwenye ua umejaa matone, na jua likipanda kidogo tu yanakauka. Mna muda mfupi sana, tena mko hatua chache kutoka kitandani. Kuna mjusi kafiri kwenye taa ya baraza, vunjajungu kwenye kisamvu, kinyonga kama mna bahati na majirani wasiomwogopa. Beseni la maji chini ya mti huleta njiwa na shomoro kipindi hiki cha ukame. Badilisheni maji kila siku yasizalishe mbu.

Hakuna chumvi nyingi, hakuna nauli, hakuna kibali, isipokuwa adabu: lenzi ndefu isielekee dirisha la jirani. Wanaoishi ghorofani bila ua wana vyungu vya barazani, na wale wa upande wa Ubungo wana viunga vya Chuo Kikuu pale Mlimani, penye miti, tumbili na ndege wengi. Upungufu wa uani ni kwamba mmoja akichoka anaingia ndani kuosha vyombo, na matembezi ya wawili yanakufa hapo.

Panawafaa: wenye mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani, wanaojifunza kamera, na wanaotaka kumfuatilia kiumbe mmoja msimu mzima.

Kulingana na hali yenu

Mkiwa na asubuhi moja ya kazi na kurudi ofisini saa tatu, nendeni Salenda, na itafuteni tarehe 10 au 11 ya mwezi wa Kiislamu. Mkiwa na Jumamosi nzima na ni mwezi kumi na nne au mwandamo, upepo haujakaza, chukueni boti ya Bongoyo. Jumamosi ikiangukia maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kutoka sana, kisiwa kiacheni, nendeni Pugu, kwa kuwa msitu haujali mwezi.

Upepo ukivuma siku tatu mfululizo na bahari nyeupe kwa mapovu, Pugu tena. Mmoja wenu akiwa na goti bovu au mjamzito, Salenda mkae ukingoni, au uani. Njia za vilima na kupanda boti ufukweni si za kujaribia. Mkiwa na simu tu, anzeni uani na kaa wa Salenda, halafu Bongoyo. Msitu unaweza kungoja mpaka mpate kamera.

Wote wawili wakiwa wakaaji, Pugu au chozi wa uani. Wote wawili wakiwa watembeaji, Bongoyo ya bamvua itawachosha vizuri. Wanaotofautiana kama sisi wakae Salenda mpaka wazoeane, kisha wajaribu msitu kwa ile njia ya kugawana saa.

Na wenye kamera moja wapeane nusu saa kwa nusu saa popote watakapokwenda. Asiyeishika wakati huo ndiye anayetafuta, anayetazama maji yanarudi lini, na anayelinda migongo yenu.